Oveni ya gesi au maikrowevu ya feni: namna ya kuchagua kwa ajili ya kempa yako

Kempa, yaani trela au gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, nyingi zinazouzwa Marekani na Kanada huwa na kimoja kati ya vyombo viwili vya kuokea, na baadhi huwa navyo vyote. Kimoja ni oveni ya propani inayokaa chini ya jiko la gesi, yenye bana (kichomeo cha gesi) moja na mwali mdogo wa kuwashia. Kingine ni maikrowevu yenye feni na koili ya moto: hupasha chakula kama maikrowevu yoyote, na ukibadili kitufe huoka kwa hewa moto inayozungushwa ndani.

Wauzaji huanza kwa kukuuliza unapenda kupika nini. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni utalala wapi, na kama hapo pana soketi. Maikrowevu ya feni isiyo na umeme wa kutosha inabaki kuwa kabati la kuwekea mikate.

Hatua ya 1: Hesabu usiku, usihesabu safari

Chukua karatasi, andika safari unazotarajia kwa mwaka mzima, kisha gawa usiku wake katika mafungu matatu: usiku wa soketi ya ampea 50, usiku wa soketi ya ampea 30, na usiku usio na soketi kabisa. Kwenye fungu la tatu weka misitu ya taifa, majangwa ya serikali ya Arizona na Utah, kambi nyingi za ndani ya mbuga za taifa, na kila mahali unapoegesha usiku mmoja tu ukiwa njiani.

Fungu la tatu likizidi theluthi moja ya usiku wote, chagua gesi, au nunua kempa yenye vyote viwili. Kama karibu kila usiku uko kwenye soketi, maikrowevu ya feni itakufaa, mradi umalize hesabu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole.

Maikrowevu ya feni ya kempa hula takriban wati 1,500 inapooka. Kwa umeme wa volti 120 wa Marekani hiyo ni karibu ampea 13. Soketi ya ampea 30 inatoa wati 3,600 kwa jumla, na kiyoyozi cha juu ya paa kinakula ampea nyingine 12 hadi 14. Ongeza friji iliyo kwenye umeme, karibu ampea 3, na chaja ya betri, ampea 5 au zaidi. Jumla imepita 30, na breka, ile swichi ya usalama, itakata umeme kuku akiwa bado mbichi. Hita ya maji ya umeme nayo hula wati 1,400 hivi. Ukiwa kwenye soketi ya ampea 30, basi, kanuni ni hii: unapooka, kiyoyozi kimezimwa, na hita ya maji na friji zimehamishiwa kwenye gesi. Anayesafiri Texas mwezi wa saba afikirie vizuri kama yuko tayari kuzima kiyoyozi kwa saa nzima kila anapooka.

Soketi ya ampea 50 ni habari nyingine. Ina nyaya mbili za umeme, kila moja ampea 50, jumla wati 12,000. Hapo unaoka na kiyoyozi kinaendelea.

Kuna jambo jingine linalofichika. Kambi ikijaa wakati wa joto, umeme wa nguzo hushuka. Ukishuka kutoka volti 120 hadi 105, koili ya moto haipotezi sehemu ndogo tu ya nguvu: hubaki na takriban asilimia 77, kwa sababu nguvu yake hufuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Keki iliyoiva kwa dakika 35 jana, leo itataka 45 na katikati itabonyea. Kabla ya kulaumu unga au hamira, chomeka kipima volti cha bei ndogo kwenye soketi ya jikoni.

Kwa betri hesabu ni kali zaidi. Wati 1,500 kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120), pamoja na umeme unaopotea njiani, zinavuta karibu ampea 140 kutoka kwenye betri za volti 12. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280 hivi, na nyingi kati ya hizo zina kilinzi cha ndani kinachokata mkondo ukizidi ampea 100. Kwa hiyo betri moja haitawasha oveni hata ikiwa imejaa pomoni. Unahitaji:

- betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100 zilizounganishwa sambamba, na tatu ni bora;
- inveta ya wati 2,000 yenye wimbi safi la umeme. Ile ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi hufanya maikrowevu ivume, ichemke mgongoni na ipashe kwa udhaifu;
- nyaya fupi na nene kati ya betri na inveta, milimita 70 za mraba, zisizidi mita 2;
- fyuzi ya ampea 250 karibu kabisa na betri, au kama kitabu cha inveta kinavyoagiza.

Kuoka saa moja kunakula wati-saa 1,000 hadi 1,200. Paneli za sola za wati 400, siku nzuri ya kiangazi, hurudisha kama 1,600 hadi 2,000. Mkate mmoja umekula zaidi ya nusu ya jua la siku nzima. Betri za kawaida za risasi na asidi usizijaribu kwa kazi hii: ukizivuta ampea 140, volti huporomoka ndani ya dakika chache na inveta hupiga king'ora.

Lakini tofautisha kuoka na kupasha. Kupasha sahani ya wali kwa dakika 5 kunakula wati-saa 125 tu, ambazo betri nzuri hutoa bila shida. Kwa hiyo mwenye inveta anaweza kufurahia maikrowevu kila siku porini, na bado akahitaji gesi kwa kuoka.

Jenereta ndogo zinazobebwa kwa mkono, zilizoandikwa wati 2,200, hutoa wati 1,800 mfululizo zikiwa usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda, injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu. Kwenye kambi ya mita 2,400 huko Colorado unabaki na wati 1,300 hivi, na oveni yako inataka 1,500. Jenereta itakoroma, taa nyekundu itawaka, umeme utakatika. Tena kambi nyingi za mbuga za taifa zina saa maalumu za jenereta. Mkate wa alfajiri usahau.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gesi

Hii ni fupi. Bana ya oveni ya kempa kwa kawaida ni ya BTU (kipimo cha joto) 7,100 kwa saa, sawa na kilowati 2.1. Ikiwaka kwa nguvu zote bila kupumzika inakula gramu 150 za propani kwa saa. Mtungi wa paundi 20 una kilo 9 za gesi, yaani saa 60 za moto kamili, na kwa kuwa themostati, kidhibiti joto, hupunguza moto oveni ikishapata joto, utapata zaidi ya hizo. Kinachomaliza mitungi ni hita ya kempa: yenye BTU 30,000 hula zaidi ya gramu 600 kwa saa. Usiikimbie oveni ya gesi kwa kuogopa gharama ya gesi.

Baridi nayo haiisumbui. Propani hugeuka mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, kwa hiyo hata Minnesota mwezi wa kwanza jiko linawaka. Betri za lithiamu, kinyume chake, hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, isipokuwa zina kipasha joto chake.

Hatua ya 4: Pima tundu, kisha pima vyombo

Oveni za propani huja kwa vimo viwili vilivyozoeleka, inchi 17 na inchi 22 kutoka juu hadi chini. Ile ya 22 ina nafasi ya nyavu mbili na kuku mzima. Ya 17 inabana, na kuku mkubwa hugusa dari na kuungua mgongo. Kama bado hujanunua kempa na unapenda kuoka, tafuta ya 22 kabla hujatazama rangi ya makochi.

Kwenye maikrowevu ya feni kipimo muhimu ni sahani ya kuzunguka, ambayo mara nyingi ni ya sentimita 30 hadi 33. Trei maarufu ya inchi 9 kwa 13 ina mshazari wa sentimita 40. Itagonga kuta na kukwama isipokuwa oveni yako ina kitufe cha kuzima mzunguko. Nunua chombo cha duara cha inchi 9 au cha mraba cha inchi 8.

Pima pia mlango wa kempa. Watu wamenunua oveni isiyopita mlangoni.

Hatua ya 5: Sasa uliza unapika nini

Oveni ya propani ina moto chini tu. Aliyelelewa na mkate wa kumimina anaelewa shida hii bila kufafanuliwa: mkate ule hutaka kupaliwa makaa juu na chini. Ukiumimina mchanganyiko wa mchele na nazi kwenye oveni ya gesi bila maandalizi, chini itakuwa nyeusi na juu bado maji maji. Nyingi ya oveni hizi hazina moto wa juu wa kubabua, kwa hiyo kuku wa kupaka utaanza humu na kumalizia kwenye makaa nje.

Maikrowevu ya feni huoka kwa usawa zaidi, na keki, biskuti na maandazi ya kuoka hutoka na rangi nzuri. Punguza nyuzi 25 za Fahrenheit kutoka kwenye maelekezo ya oveni ya kawaida, maana hewa inayokimbia hupeleka joto haraka. Kwa mkate laini kama wa kumimina, feni hukausha ngozi ya juu kabla haujamaliza kuumuka na juu hupasuka. Funika na karatasi ya kuokea kwa dakika 10 za kwanza, ukiibana isipeperuke. Chombo cha chuma ruhusa kwenye kuoka tu. Ukibadili kwenda kupasha kwa mawimbi, kitoe, la sivyo cheche. Na usitarajie kuoka vitu viwili kwa pamoja.

Kwa familia ya watu watano wanaokula kuku wa kuoka na viazi, oveni ya gesi ya inchi 22 inashinda. Kwa watu wawili wanaopasha zaidi kuliko kuoka, maikrowevu ya feni inawatosha na inawaachia droo kubwa pale chini ya jiko.

Kuifanya oveni ya gesi ioke sawasawa

Kabla ya kuing'oa oveni ya propani kwa hasira, fanya haya. Mara nyingi tatizo huisha kwa bei ya jiwe moja.

Nunua jiwe la kuokea lisilo na glezi (mpako wa kung'aa), unene wa sentimita 1 hadi 1.5, dogo kuliko wavu kwa angalau sentimita 2.5 kila upande. Uwazi huo ni lazima. Hewa ya moto hupanda pembeni, na ukiziba, mwali hukosa hewa, hubadilika kuwa wa njano na kutoa monoksidi ya kaboni. Kwa sababu hiyohiyo usitandike karatasi ya alumini kwenye sakafu ya oveni. Laza jiwe kwenye wavu wa chini, weka chombo chako wavu wa juu, na washa oveni dakika 20 hadi 25 kabla ya kuoka. Jiwe hupokea joto kali la katikati na kulitawanya.

Nunua na kipimajoto cha kutundika ndani. Namba za kwenye kitufe ni za kukisia. Tofauti ya nyuzi 25 hadi 50 za Fahrenheit ni kawaida. Geuza chombo nusu duara katikati ya muda. Wakati wa safari toa jiwe, lifunge taulo, liweke kitandani, kwa sababu litapasuka kwa mtikisiko.

Kuwasha:

1. Fungua valvu ya mtungi polepole. Ukiifungua kwa kasi, kizuizi cha ndani hudhani bomba limekatika na hubana gesi; jiko litawaka kwa unyonge na utadhani mtungi umekwisha. Ikitokea, funga, subiri dakika chache, fungua tena taratibu.
2. Washa kwanza bana moja ya juu mpaka mwali utulie na kuwa wa bluu. Hewa iliyokuwa bombani imetoka.
3. Peleka kitufe cha oveni kwenye alama ya mwali mdogo, kibonyeze, washa kwa kiberiti cha gesi chenye shingo ndefu. Endelea kubonyeza sekunde 20 hadi 30 ili kihisi joto kipate moto.
4. Weka nyuzi unazotaka. Bana kubwa huchelewa, wakati mwingine zaidi ya dakika moja. Kuchelewa huko ni usalama, si ubovu.
5. Isipowaka, zima kabisa, acha mlango wazi dakika 5, ndipo ujaribu tena.

Mwali mdogo ukizimika kila unapoachia kitufe, kihisi joto kimechafuka, kimesogea au kimekufa. Mwali wa njano baada ya kempa kulala miezi mingi, tazama koo la bana: buibui hupenda kujenga humo. Safisha kwa brashi laini, usichokonoe tundu la gesi kwa waya.

Kuitunza maikrowevu ya feni

Iwe na laini yake ya umeme ya ampea 20. Ukimaliza kuoka feni huendelea kuzunguka ili kupoza mwili wa mashine. Usizime jenereta wala breka mpaka ikome yenyewe, maana joto lililobaki huua bodi ya elektroniki. Safisha kichujio cha mafuta chini yake kila mwezi ikiwa iko juu ya jiko. Toa sahani ya kioo kabla ya kuondoka kambini. Ukibadilisha mashine, nunua iliyoidhinishwa kwa kempa. Ya nyumbani inaweza kukosa nafasi za kutolea joto na vishikizo vya kuhimili mitikisiko.

Trela ya Marekani ikivushwa bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, maikrowevu yake ya volti 120 haiendi kwenye soketi ya huko ya volti 230 hadi 240. Transfoma itashusha volti, lakini haibadili mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde kuwa 60, na maikrowevu yenye transfoma ya aina ya zamani ndani yake itachemka kupita kiasi. Inunuliwe nyingine hapohapo.

Hewa, joto na usalama

Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hutuama sakafuni. Ndiyo maana king'ora chake huwekwa chini. Tarehe ya mwisho imechapwa nyuma yake, kwa kawaida miaka 5; kikipita, badilisha hata kama taa ni ya kijani. King'ora cha monoksidi ya kaboni ni kingine, viwe vyote viwili. Unapooka kwa gesi fungua dirisha kidogo na tundu la paa, hata kukiwa na baridi, na kamwe usiitumie oveni kupasha joto chumba.

Gesi ikiungua hutoa maji: kila gramu 100 za propani huacha zaidi ya gramu 160 za mvuke. Usiku wa baridi mvuke huo utauona ukitiririka kwenye vioo. Wakati wa joto, oveni ikiwaka moto kamili humwaga joto ambalo ni nusu ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 13,500.

Baadhi ya barabara nazo zina masharti. Mahandaki mawili ya Baltimore, la Fort McHenry na la Harbor, hayaruhusu mtungi wa propani wa zaidi ya paundi 10. Kempa ya kawaida inazunguka.

Ukiamua kutoa oveni ya gesi, bomba lake lifungwe kwa kifuniko cha shaba nyeupe cha kukaza kwa hesi, si kwa mkanda wala kizibo. Kisha fundi apime mfumo mzima kwa manometa, kipimo cha shinikizo la gesi; shinikizo sahihi la kufanyia kazi ni inchi 11 za safu ya maji. Maji ya sabuni kwenye maungio ni ya kuthibitisha, hayachukui nafasi ya kipimo hicho.

Jaribio kabla ya kulipa

Muombe muuzaji akuruhusu kuoka. Panga vipande vya mkate mweupe vifunike wavu, ukiacha nafasi kidogo pembeni, washa nyuzi 350 za Fahrenheit mpaka kipimajoto chako kithibitishe, kisha viingize dakika 8. Vitoe kwa mpangilio uleule na uvipige picha. Rangi zake ni ramani ya moto: penye weusi pana joto kali, penye weupe panahitaji kugeuziwa chombo. Kwenye oveni ya gesi katikati nyeusi ni jambo la kutibiwa kwa jiwe. Upande mmoja mweusi na mwingine mweupe kabisa ni bana iliyopinda au iliyoziba, na hiyo wairekebishe wao kabla hujatia saini. Kwenye maikrowevu ya feni vipande vyote vikiwa hafifu, pima volti kwanza. Zikiwa sawa, feni au koili imechoka.